Ngazi Inayouma

Katika barabara yetu, komini ya Kenya mjini Lubumbashi, kila mtu anamjua Amida Sudi, na kila mtu atakuambia jambo moja juu yake: hatulii. Ukimpa kiti anakiegemea tu. Ukimpa chai anainywa mlangoni, jicho moja likiwa kwenye kikombe na jingine barabarani. Mume wake Bilal, ambaye ni mshonaji na anaweza kukaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jua lizame, husema kwamba Mungu alipowaunganisha wao wawili aligawa kukaa na kusimama bila kuchanganya.

Amida ni fundi wa pisini, yaani mabwawa ya kuogelea. Kazi hiyo aliipata kwa baba yake, mzee Sudi, mtu wa asili ya Maniema aliyetunza bwawa la kuogelea la klabu ya watu wa migodi miaka mingi. Binti alikuwa anamfuata na ndoo na brashi, akaona, akajifunza. Baba alipokufa, wenye nyumba kubwa za mtaa wa Golf walipiga simu ile ile ya baba, na aliyeitikia alikuwa Amida. Wengine walikata. Wengine walisema, basi njoo tuone. Waliomwona akifanya kazi hawakutafuta fundi mwingine.

Yeye husema pisini haiharibiki ghafla. Inaanza kulalamika mapema, ila wenye nyumba wanadhani ni kelele. Pompe, ile mashine ya kusukuma maji, ikianza kutoa sauti kama mtu anatafuna changarawe, inakunywa hewa. Kuna mahali bomba halishiki. Mapovu yakitoka pale maji yanaporudi, ni hadithi hiyo hiyo. Ukuta ukiteleza chini ya kidole ilhali maji bado yanaonekana safi, usingoje mpaka yawe kijani. Kigae ukikigonga kwa mpini wa kijiko na kikatoa sauti ya utupu, nyuma yake saruji imekwisha kuachana nacho. Na maji yakipungua katika mwezi wa kumi, wakati joto la Lubumbashi linakaa juu ya vichwa na mvua bado inasitasita, usikubali kirahisi mtu akikuambia ni jua.

Mwezi huo wa kumi ndipo Mama Joëlle alipomwita.

Mama Joëlle Mujinga alikuwa muuguzi zamani, sasa mjane. Mume wake ndiye aliyejenga pisini ile, na jakuzi ndogo kando yake, beseni la maji yenye mapovu, akisimama mwenyewe na mafundi, suruali imekunjwa magotini. Alipokufa, nyumba iliingia kilio, na kwa muda wote wa kilio hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuoga pale. Maji yalikaa tu, pompe ikiwashwa mara moja moja ili yasioze. Sasa kilio kilikuwa kinaisha. Jumapili familia ingekusanyika kuondoa nguo nyeusi, kula, kucheza, na wajukuu wangeingia tena majini.

“Mama Amida, mayi inapunguka,” alisema Mama Joëlle Ijumaa ile, akisimama ukingoni na khanga yake nyeusi. “Kila siku ninaongeza, kila siku inapunguka. Ni jua ao ni nini?”

“Jua inakunywa, Mama, lakini haikunywe hivi. Uniachie ndoo moja.”

Alijaza ndoo kwa maji ya pisini, akaiweka juu ya kidato cha kwanza cha ngazi ya saruji, ndani ya maji, jiwe limo ndani ili isielee. Akachora alama mbili kwa chaki ya nta: moja ndani ya ndoo, moja kwenye ukuta. Kama ni jua, maji ya ndoo na ya pisini yatashuka sawasawa. Kama sivyo, pisini ina tundu.

Jumamosi alirudi. Maji ya ndoo yalikuwa yameshuka unene wa ukucha. Ya pisini yalikuwa yameshuka urefu wa kidole kizima.

Basi akaanza kuzunguka. Bustani yote ilikuwa imekauka, majani yana rangi ya mkate, ila nyuma ya jakuzi palikuwa na kiraka kibichi, majani mazito kama ya mwezi wa pili. Amida alikanyaga pale kwa kisigino. Maji yakapanda taratibu kuzunguka kiatu chake.

“Bomba ya jakuzi njo inavuja, Mama. Iko hapa chini.”

“Utachimba leo? Kesho bantu banakuya!”

“Hapana. Leo nafunga njia ya jakuzi, mayi itabakia. Lundi, kisha karamu, nitachimba.”

Mama Joëlle alishukuru, huku akikanda vidole vya mkono wake wa kulia. Amida akamuuliza mkono una nini.

“Sukari, mwanangu. Siku hizi mukono inakufa ganzi. Wiki yenye ilipita nilishika ile ngazi ya chuma, nikasikia kama sisimizi banapanda mpaka ku kiwiko. Uzee tu.”

Amida alikwenda kwenye ngazi ile ya chuma, upande wa maji marefu, akaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi. Haikufanya kitu.

“Mimi sisikie kitu, Mama.”

“Sawa nilisema. Ni sukari.”

Upande ule wa mji kuranti, yaani umeme, ilikuwa imekatika tangu Alhamisi. Amida alijua hivyo. Alikuwa ameona friji ya jikoni iko wazi na sufuria zimepangwa ndani kama kabati. Alijua, lakini hakuviweka vitu viwili pamoja. Aliaga, akapanda basi, akarudi Kenya.

Jioni ile hakula vizuri. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alifungua sanduku lake la vifaa, akalifunga, akalifungua tena. Bilal aliinua macho kutoka kwenye nguo aliyokuwa anashona.

“Unatafuta nini?”

“Sijue.”

“Kama haujue, utaipata aje?”

“Kuko kintu sikuuliza kwa Mama Joëlle. Lakini sijue ni nini.”

Jumapili alitoka kununua mboga sokoni, na sanduku la vifaa nalo mkononi, maana tangu jana hakuweza kuliacha. Akiwa anarudi na kikapu akapita mbele ya kibanda cha Chola. Chola ni fundi wa umeme, kijana mwenye familia, hodari wa kufufua redio na pasi. Alikuwa ameketi nje akinywa bia ya mahindi, amevaa shati la kanisani.

“Yaya Amida, dada yangu! Banasema uko natengeneza kwa Mama Joëlle. Miye pia nilipita kule mwezi yenye ilipita.”

“Kufanya nini?”

“Disjoncteur ya pisini, ile swichi ya kukata kuranti. Ilikuwa inaruka. Unapandisha, inaruka. Pompe ya jakuzi ikianza tu, paa, inaruka. Mama alichoka.”

Amida aliteremsha kikapu chini. “Na weye ukafanya nini?”

Chola alicheka kidogo. “Nilipitisha waya pembeni yake. Haiwezi tena kuruka.”

Sasa ndipo vitu vyote vikaja kusimama mahali pamoja mbele ya Amida, na hakuna hata kimoja alichokipenda. Bomba lilivuja na kulowesha udongo. Kebo ya umeme ya pompe ilipita katika udongo ule ule. Mahali fulani maji yaliingia kwenye kebo, na ile swichi ya usalama ikaanza kuruka kwa sababu ndiyo kazi yake, kukata umeme unapokwenda mahali usipotakiwa. Chola akaifunga mdomo. Umeme ukabaki unatembea katika udongo mbichi hadi kwenye ngazi ya chuma, na Mama Joëlle akadhani ni sukari.

“Chola, ile disjoncteur haikukuwa mugonjwa.”

Chola aliacha kucheka. Ni mtu wa umeme. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

“Kuranti haiko kule, yaya. Tangu Alhamisi.”

“Na ikirudi? Leo banatosha kilio, banavua nguo nyeusi. Batoto bote beko mu mayi.”

Alipiga simu ya Mama Joëlle. Ililia mpaka ikachoka. Alipiga tena, ikalia. Siku ya karamu nani anasikia simu? Amida alisimamisha pikipiki, akamsukuma Chola apande katikati, naye akapanda nyuma na sanduku la vifaa likimkata tumboni. Kikapu cha mboga kilibaki mbele ya kibanda.

Njia nzima Amida alikuwa anatafuta kuranti. Hapa saluni, feni inazunguka: iko. Hapa mashine ya kusaga, kimya, wanawake wamekaa juu ya magunia: haiko. Duka la vinywaji, taa nyekundu inawaka juu ya friji: iko. Kila alipoona taa alihisi kama mtu anamvuta nywele. Kwenye njia panda malori ya madini yalikuwa yamepangana, moja nyuma ya jingine, yakipumua vumbi, na mwenye pikipiki akaweka mguu chini.

“Pita pembeni!”

“Mama, pembeni ni mufereji.”

“Pita mu mufereji!”

Walipita. Miti ya Golf ikaanza kuonekana. Hapo Chola aligeuza shingo.

“Kushusha disjoncteur haitasaidia kintu. Waya yangu inapita pembeni.”

“Najua.”

“Lazima kuikata yenyewe. Na swichi ya nyumba yote iko mu chumba ya Mama, atakuwa amefunga na ufunguo.”

“Najua, Chola.”

“Kuranti ikirudi niko naishika?”

Amida alifungua sanduku juu ya mapaja yake, akatoa koleo lake zuri, lile lenye mipini ya mpira mzito ambalo hamwazimi mtu, akampitishia chini ya kwapa.

Mlinzi alimjua, akafungua. Bustani ilikuwa imejaa. Mahema meupe, viti vya kukodi, wanawake wote katika kitambaa kimoja cha maua ya buluu, jenereta ndogo ikinguruma nyuma ya spika. Na majini, watoto, wengi, wanapiga kelele. Kwenye ngazi ya chuma alikuwa amening'inia Gaëlle, mjukuu mkubwa wa Mama Joëlle, miguu ndani ya maji, mkono mmoja juu, akiwahesabia wenzake wanaoruka.

Chola alikimbilia nyuma ya nyumba. Amida alielekea pisini, lakini mtu alimkinga njiani: Adrien, mdogo wa marehemu, msimamizi wa karamu, jasho na tabasamu usoni.

“Mama fundi, leo haina siku ya kazi. Kaa, bakupatie chakula.”

“Papa Adrien, nakuomba, tosha batoto mu mayi, batoke bote.”

“Juu ya nini?”

“Kuranti iko mu ngazi.”

“Kuranti gani? Haiko tangu Alhamisi!”

“Itarudi.”

Tabasamu liliondoka. Adrien alisogea karibu, akashusha sauti ili wageni wasisikie. “Kaka yangu alijenga hii kintu na mikono yake. Mwaka muzima hatukuoga mule. Leo njo siku ya kwanza batoto bake banaoga. Usituletee kilio ingine, mama. Nakuomba.”

Alichokuwa anaogopa Amida ni kilio hicho hicho. Alichungulia juu ya bega la Adrien. Mama Joëlle alikuwa anatoka barazani, mara ya kwanza katika nguo nyeupe, sahani mkononi.

“Mama!” Amida aliita. “Ile sisimizi ya mu mukono haikukuwa sukari! Ni ngazi!”

Mama Joëlle alisimama. Aliutazama mkono wake, akaitazama ngazi, akamwona Gaëlle ameishika. Sahani aliiweka juu ya kiti cha karibu bila kuangalia kama kuna mtu amekikalia. Kisha sauti ikatoka, sauti ambayo zamani ilikuwa inaamsha wodi nzima.

“Batoto! Inje! Bote inje! Pande ya sementi! Mutu asishike chuma! Gaëlle, acha ile ngazi! Acha!”

Gaëlle aliachia, akazama, akaibuka, akaogelea kuelekea maji mafupi. Watoto wakaanza kupanda vidato vya saruji wakisukumana, wengine wakinung'unika, wakubwa wakiwavuta wadogo kwa mikono. Wanawake wa maua ya buluu walisimama. Mtu alipunguza muziki bila kujua kwa nini.

Ndipo kelele ilipotoka nyumba ya jirani, halafu ya pili, halafu barabara nzima, ile kelele ya furaha ambayo kila mtu wa Lubumbashi anaijua.

“Kuranti! Kuranti!”

Taa ya baraza iliwaka, dhaifu katikati ya mchana. Jikoni friji ilitetemeka. Watoto wawili walikuwa bado majini, mpaka kiunoni. Amida alisimama na mikono yake imefungwa kwenye kifua, akisikiliza. Alikuwa anasubiri mngurumo wa pompe. Kama pompe ikianza, basi Chola amechelewa.

Watoto wale wawili walitoka. Mmoja alirudi kuokota kiatu chake cha mpira na shangazi yake akamnyakua kwa mkono.

Pompe haikulia.

Chola alitokea pembeni ya nyumba. Shati la kanisani lilikuwa limemganda mgongoni. Mkono mmoja alishika koleo, mwingine kipande cha waya mwekundu, si kirefu kuliko penseli, na alikuwa anakiangalia kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyekiweka pale.

“Ni miye nilipitisha hii,” alimwambia Mama Joëlle, mbele ya watu wote. “Munisamehe.”

Mama Joëlle alikuwa amemkumbatia Gaëlle, na nguo yake nyeupe imelowa yote.

Adrien ndiye aliyejibu. Alikuwa na hasira bado, lakini haikujua imwendee nani. “Munionyeshe. Mumeharibu siku ya kaka yangu, basi munionyeshe.”

Waliwasogeza watu wote mpaka chini ya mahema. Chola alirudi nyuma, akaunganisha tena waya ule wa pembeni ili kuranti ifike kwenye pompe kwa muda mfupi. Amida alivaa viatu vyake vya mpira, akapiga magoti juu ya ubao mkavu, akagusa ngazi kwa ncha ya bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye taa ndogo ndani ya mpini. Aliiwekea kivuli kwa mkono wa pili ili Adrien aone. Taa iliwaka. Si sana, lakini iliwaka, nyekundu, haitetemeki.

Adrien aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Halafu alinyanyuka, akamwambia Chola azime. Hakuomba radhi na hakuna aliyemdai. Alichukua kiti, akakiweka mbele ya ngazi, akaketi akiwapa mgongo wageni na muziki, ili mtoto yeyote asipite. Walimletea chakula akala pale pale. Walipomwita kucheza alikataa kwa kichwa. Alikaa hapo mpaka mgeni wa mwisho alipoaga.

Jumatatu walichimba, Amida na Chola. Kiungo cha bomba kilikuwa kimepasuka kwa upande wa chini. Hatua mbili kutoka pale walikuta kebo imeungwa kwa utepe wa plastiki tu, na utepe umelegea katika tope kama bandeji iliyokaa siku nyingi. Waya wa kupeleka umeme ardhini, ule wa shaba tupu, haukuwapo. Mtu alikuwa ameukata zamani akaenda nao, na katika mji wa shaba nani atamuuliza? Waliweka bomba jipya, kebo nzima isiyo na kiungo iliyopita ndani ya mrija wake juu ya udongo mkavu, waya mpya wa ardhini, na swichi mpya ambayo Chola aliijaribu mara nyingi hadi Amida akamwambia inatosha. Kisha walisubiri kuranti. Ilipokuja, waliwasha kila kitu, na Mama Joëlle mwenyewe akaja, akavua viatu, akataka kuishika ngazi.

“Acha nianze miye, Mama,” alisema Amida.

“Hapana. Miye njo ninajua vile ilikuwa inauma.”

Aliishika. Akangoja. Akashuka kidato kimoja, cha pili, mpaka maji yakafika kwenye pindo la nguo yake, akabaki pale akilia polepole, na wale wawili wakageuka kukusanya vifaa. Baadaye alikwenda kupimwa damu. Sukari nayo ilikuwapo.

Lakini Chola hakupona upesi. Wiki kadhaa kibanda chake kilibaki kimefungwa. Mke wake alisema anakaa tu ndani, anaangalia mikono yake, na kila akisikia barabara inapiga kelele ya kuranti anasimama. Amida alimwendea. Hakukaribishwa kiti na hakukihitaji.

“Ni nyumba ngapi ingine ulipitisha waya pembeni?”

“Kuko zingine.”

“Ya pisini?”

“Ya pisini, ya chauffe-eau ya kuchemsha mayi, ya pompe ya kisima. Bantu banachoka na disjoncteur, yaya. Banaita, unaenda.”

“Vaa viatu.”

Tangu siku ile wanakwenda pamoja, wakati kazi nyingine imeisha. Wanabisha kwenye mageti ambayo hayakuwaita. Walinzi wanauliza, nani amewatuma, na Amida anasema hakuna, tunataka tu kuuliza kama swichi yenu inaruka, na kama kuna mtu anayesikia sisimizi mkononi akishika bomba. Wengi wanawacheka. Wengine wanawafungulia. Katika nyumba moja walikuta bafu ambalo bibi wa nyumba alikuwa ameacha kulitumia kwa sababu aliamini limelogwa. Chola alikata waya wake mwenyewe mle ndani bila kusema mengi, na bibi akaoga siku ile ile.

Juzi walisafiri hadi Mokambo, karibu na mpaka, kwenye nyumba ya wageni yenye jakuzi ambayo Chola aliitengeneza mwaka juzi. Mwenye nyumba aliwafukuza. Alisema mafundi wa mjini wanatafuta kazi kwa kuwatisha watu. Waliketi kando ya barabara wakisubiri gari la kurudi, Chola juu ya sanduku la vifaa, Amida amesimama, na walipoliona gari linakuja na vumbi lake Amida alisema, “Pita weye. Miye narudi kumwambia mara ingine,” akavuka barabara kuelekea geti lile lile.

Chola aliliacha gari likapita. Akabeba sanduku, akamfuata.